Mpira wa Baba Mkwe na Mrija Wake wa Busaa

Sheria za ukwe nilifundishwa na shangazi yangu wiki moja kabla ya kuolewa, na hazikunipa taabu kuzishika kwa sababu zote zilikuwa makatazo. Usimpe baba mkwe mkono. Usikalie kiti chake hata akiwa safarini. Usitamke jina lake. Usiingie chumba anacholala. Ukiwa na neno naye, mwambie mama mkwe, naye atamfikishia, hata kama mzee amesimama hatua tatu kutoka ulipo na masikio yake ni mazima. Shangazi hakunieleza la kufanya siku ambayo mkojo wa baba mkwe ungeletwa mezani kwangu ndani ya chupa, ukiwa bado na joto.

Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja mjini Kakamega, katikati ya miaka ya tisini. Damu, makohozi, choo na mikojo ya watu ndiyo iliyonilisha, na sikuwahi kuionea haya kazi hiyo. Nilipoolewa, mashemeji zangu walinung'unika kwamba haifai mke wa boma lao kushinda akishika mikojo ya wanaume wasiomhusu. Baba mkwe, ambaye alikuwa mkulima wa mahindi na miwa huko Navakholo na hakuwa mtu wa maneno mengi, alituma jibu kupitia kwa mama mkwe: "Mwambie kazi ni kazi, bora akuwe ananawanga mikono." Mjadala ukaishia hapo. Kwa neno hilo moja nilimpenda mzee yule, ingawa sikuwa na njia yoyote ya kumwambia.

Siku hizo daktari mmoja kijana alikuwa amerudi kutoka masomoni na mkoba wa karatasi za utafiti zilizonakiliwa na wazo moja tu kichwani, nalo lilikuwa utelezi. Yaani ule utelezi unaokuwa ndani ya mipira ya mkojo, ile wanayowekewa wagonjwa walioshindwa kukojoa wenyewe. Alitueleza kwamba bakteria wakiingia kwenye mpira hawaogelei ovyo ovyo. Wanajishika ukutani, wanatoa ute, wanajifunika nao, kisha wanaishi humo ukoo mzima kwa raha zao. Ute huo aliuita utando. Dawa ikipita inawaua wale wanaozurura kwenye mkojo, lakini walio chini ya utando wanatulia tu mpaka ipite. Ukipima mkojo wiki hiyo unaukuta safi, na kila mtu anafurahi. Dawa ikiisha wanatoka tena, na mgonjwa anaanza kutetemeka upya. Tiba yenyewe ilikuwa kuutoa mpira wote na kuweka mwingine.

Alitaka kuthibitisha hayo kwa wagonjwa wetu, kwa hiyo kila mpira uliotolewa wodini uliletwa kwangu. Niliukata vipande vipande kama muwa wa pale stendi, nikavipasua kwa wembe, nikakwangua ndani na kuotesha nilichokipata kwenye sahani za maabara. Wenzangu walihamishia chai yao chumba kingine na kunipa jina la Mama Mipira. Daktari yeye alikuwa akikichukua kipande chenye utelezi mwingi, anakiinua dirishani, na kusema, "Maridadi!" Niliamini kabisa kwamba alihitaji kutafutiwa mke.

Basi asubuhi moja nikainua chupa, nikasoma kikaratasi, nikakuta jina la ukoo lililo pia kwenye kitambulisho changu. Baba mkwe alikuwa amevimba tezi dume, mkojo ukaziba, na wodini walimwekea mpira. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Lurambi, alikuwa anajua tangu jana yake na hakuniambia kwa sababu ya aibu. Niliupima mkojo ule huku nikiangalia pembeni, jambo ambalo kwa hadubini haliwezekani. Ilipofika saa ya kuita majibu nilishindwa kulitamka jina, nikasema, "Yule mzee wa Navakholo." Wazee watatu wa Navakholo wakainuka.

Daktari wa upasuaji alisema jambo moja na hakubadilika: hatashika kisu mpaka homa iishe na mkojo uwe safi. Kumpasua mzee mwenye bakteria kwenye mkojo ni kuwafungulia mlango waingie kwenye damu. Kwa hiyo baba mkwe alirudishwa nyumbani na mpira wake, mfuko wake wa mkojo na dawa, pamoja na kadi ya kwenda kubadilishiwa mpira kila baada ya wiki tatu kwenye zahanati ya karibu na kwao. Mfuko aliubeba ndani ya kikapu kilichofunikwa gazeti. Akipita sokoni watu walimuuliza anauza nini.

Alikunywa dawa, mkojo ukawa safi. Dawa ikaisha, homa ikarudi. Akapewa dawa nyingine, mkojo ukawa safi tena, homa ikarudi kali kuliko ya kwanza. Kadi yake ilionyesha mihuri mitatu: amebadilishiwa, amebadilishiwa, amebadilishiwa. Daktari wetu wa utelezi aliikodolea macho kadi ile. Mpira mpya, dawa sahihi, na ugonjwa uko pale pale. Hilo halikuwamo kwenye karatasi zake. Ile homa ya tatu, mama mkwe alituambia, ilimtikisa mzee mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Ndugu zake walianza kuja kumjulia hali huku wakiukagua uwanja kwa macho ya watu wanaotafuta mahali pa kusimamisha hema. Mimi nilikuwa siwezi kulala vizuri. Nilikuwa nauona ugonjwa wake kila homa iliporudi na mkojo wake ukaletwa maabara, kwa macho yangu mwenyewe, ukiota kwenye sahani, na siwezi hata kumwuliza anajisikiaje.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Navakholo. Nilikaa na mama mkwe kwenye mlango wa jiko, tukichambua mrenda, ile mboga ya kuteleza. Mzee alikuwa upande wa pili wa kona ya nyumba, kwenye kiti chake, na blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa linawaka. Sikumwona, lakini nilikisikia kikohozi chake. Mama mkwe alikuwa analalamika juu ya mambo ya wazee.

"Hata hiyo mpira alinifanya niifunge uzi," akasema. "Uzi nyekundu, kama ya mrija yake."

Hapa lazima nieleze habari za mrija. Wazee wa kwetu hawanywi busaa, ile pombe yetu ya nafaka, kwa kikombe. Chungu kinawekwa katikati, wao wanakizunguka, na kila mmoja anatumbukiza mrija wake, mrefu kumzidi mwenyewe. Mrija ni wa mtu mmoja, na hauazimwi hata kwa ndugu. Baba mkwe alikuwa na wake tangu ujana, akiuhifadhi darini ndani ya ala ya mwanzi, na karibu na mahali pa mdomo ulifungwa uzi mwekundu wa sufu ili usichanganywe na wa mtu mwingine. Wodini alikuta wazee sita wamewekewa mipira inayofanana, akaingiwa na wasiwasi.

"Akasema wasije wakachanganya," mama mkwe akaendelea. "Nikamfungia hapo mpira inapitia kwa mguu."

"Kwa hivyo kila akibadilishiwa unamfungia upya?"

"Kumfungia upya? Sijagusanga tena. Ni ile fundo yangu. Nilikaza mara mbili kama kamba ya ng'ombe."

Mrenda ukaniponyoka mkononi. Kama fundo lilikuwa lile lile, basi mpira nao ulikuwa ule ule. Ulikuwa na zaidi ya wiki kumi ndani ya mtu.

Ukweli wote ulitoka kidogo kidogo, kati ya jani na jani. Muuguzi wa zahanati alikuwa mtoto wa binamu wa mzee, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo alikuwa binti yake. Binti hawezi kumfunua baba. Mzee alipofika mara ya kwanza, wote wawili waliangalia sakafu kwa muda. Kisha binti akageukia ukuta, akagonga muhuri kwenye kadi, akamwambia awasalimie nyumbani. Mara ya pili na ya tatu hawakuhitaji hata kuangalia sakafu. Kila mmoja alikuwa amemtunzia mwenzake heshima, na bakteria walikuwa wametunzwa kuliko wote.

"Mama," nikasema, "mwambie lazima huo mpira utolewe Jumatatu. Hospitalini kuna mwanamume atakayemhudumia."

Mama mkwe akanyanyuka, akatembea hatua nne mpaka kwenye kona, akageuza uso upande wa pili. "Anasema mpira itolewe Jumatatu."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," sauti ya mzee ikajibu. "Mwambie hii mpira imenizoea. Na mimi nimeizoea. Mpya itanisumbua bure."

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema anafikiria."

"Mama, nimemsikia alichosema."

"Umesikia nini? Wewe huwezi kumsikia, ni mkwe wako."

Nikaona nieleze kitaalamu. Nilimwonyesha mama mkwe sufuria ya mrenda wa jana, iliyokauka. Nikamwambia aimwagie maji. Maji yakapita juu, mrenda ukabaki umeng'ang'ania. Nikamweleza kwamba ndani ya ule mpira mna kitu kama hiki, na dawa zinapita juu yake kama haya maji, na bakteria wamelala chini wamejifunika. Mama mkwe alielewa mara moja, kwa kuwa amekwangua sufuria za mrenda kwa gunzi maisha yake yote. Akaibeba sufuria mpaka kwenye kona.

"Anasema uko na mrenda ndani."

Mzee akajibu: "Mwambie mrenda ni chakula."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mjinga, kwamba mrija mzuri wa busaa hauoshwi ndani. Mrija mpya una ladha ya kuni mwaka mzima. Ni mpaka ujipake ukoko wenyewe ndani, ndipo unakuwa mrija. "Sisi hatuoshanga," akamaliza. "Na nani amekufa?"

Hapo nikapata wazo nililoliona la akili sana. Kwenye paa la jiko, katikati ya moshi, ulikuwa umechomekwa mrija wa marehemu ndugu wa mzee. Nilimwomba mama mkwe aupasue mbele yetu, mzee ajionee mwenyewe uchafu anaoutetea. Aliupasua kwa panga kuanzia juu hadi chini. Ndani kulikuwa na gome la kahawia, nene, lenye kung'aa, ambalo daktari wetu angeliinua dirishani na kulia. Mama mkwe akaliweka juu ya ungo, akaenda nalo kwenye kona kama anayepeleka mahari. Nilisubiri nikiwa nimekunja mikono, nimeshinda.

"Si mnaona!" Sauti ya mzee ilijaa furaha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ilikuwa sauti ya mtu mzima. "Hiyo ndio utamu yenyewe! Ndiyo maana ndugu yangu alikuwa anakunywanga akitabasamu!"

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilisimama, nikasahau shangazi na makatazo yake yote, nikapiga kelele kuelekea kwenye kona.

"Baba! Busaa inaingia mdomoni inashuka tumboni! Hii yako iko ndani ya kibofu, na imekaa huko karibu miezi mitatu, na hiyo utamu ndiyo inakuua! Unataka tukuzike na hiyo uzi nyekundu?"

Mama mkwe aliweka mikono kichwani. Nilikuwa nimemwita baba mkwe moja kwa moja, nikataja kibofu chake, na nikasema neno kuzika, yote kwa pumzi moja. Nilijua kuna faini yake, tena si ndogo, lakini faini sikuiwaza. Chini ya hasira ile nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kwamba mtu aliyenitetea kwa sentensi moja atakufa kwa sababu mimi na yeye haturuhusiwi kusemezana sentensi moja. Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni na nilikuwa nayapangusa kwa mkono wenye mrenda.

Kikohozi kikasikika upande wa pili.

"Mwambie nimesikia," baba mkwe akasema.

Mama mkwe, na mikono yake bado kichwani, akanigeukia. "Amesikia."

Jumatatu alikuja na kikapu chake na gazeti lake, mume wangu akimfuata nyuma kama mtu aliyekamatwa. Afisa mmoja wa tiba, mwanamume asiye wa ukoo wowote wa karibu, alimtoa ule mpira na kumwekea mpya. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umefika kwenye meza yangu, uzi mwekundu ukiwa bado umefungwa fundo la ng'ombe. Daktari kijana alisimama karibu nami. Nikaupasua. Ulikuwa umejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, karibu kuziba, na njia ya mkojo iliyobaki ingepitisha sindano tu. Daktari akakiinua kipande dirishani, akafungua mdomo, kisha akaniona uso wangu. Alikirudisha mezani taratibu. Kuanzia siku hiyo niliacha kumtafutia mke na nikaanza kumheshimu.

Tulimfundisha mama mkwe yaliyobaki: kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mfuko, kuuning'iniza chini ya kiuno kila wakati, kutofungua pale mpira unapoungana na mfuko. Nilidhani kazi itakuwa ngumu. Kumbe mzee alikuwa amekwisha okoka. Aliwanawisha mikono wageni wote kabla hawajamsalimia, hata wale ndugu wa kupima uwanja. Mfuko ulining'inizwa kwenye mguu wa kiti, na mtu akiusogelea anafokewa. Katekista aliyekuja kumwombea alinawishwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mzee hakuona vizuri.

Mkojo ukawa safi, na dawa zilipoisha ukabaki safi. Wiki zikapita bila homa. Daktari wa upasuaji akashika kisu, na siku chache baadaye mpira ukatolewa moja kwa moja, na baba mkwe akakojoa mwenyewe nyuma ya migomba yake. Habari hiyo ilinifikia mjini kupitia watu wanne, kila mmoja akiinong'ona.

Ilibaki faini yangu. Mwanamke aliyemfokea baba mkwe hawezi kula tena kwenye boma lile mpaka alete kuku na blanketi. Nilibeba jogoo mwekundu na blanketi jipya, nikafika Navakholo Jumapili mchana. Nilikaa kwenye mlango wa jiko, mahali pale pale. Mama mkwe akavipeleka kwenye kona, akarudi.

"Amepokea. Amesema blanketi ni nzito vizuri."

Nilishukuru, nikawa nataka kuinuka. Ndipo nilipoona kitu kimeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Ulikuwa mrija wake. Ulikuwa umepasuka kuanzia mdomoni, ufa ukapita katikati ya uzi mwekundu na kushuka mpaka karibu na chini, na rangi yake ilikuwa imepauka kama kitu kilichokaa mtoni.

"Huu umefanywa nini?" nikauliza.

Mama mkwe alishusha sauti, ingawa haikusaidia. Alisema mzee aliporudi kutoka hospitalini aliushusha darini mwenyewe. Akaitisha ile sufuria kubwa ya msibani, akawasha moto, akachemsha nusu hii, halafu akaugeuza akachemsha nusu ile, kwa maana haukuenea wote. Alikaa hapo mpaka maji yakabadilika rangi. Hakuruhusu mtu amsaidie. Ulipokauka ukapasuka, na wazee wenzake walipokuja alikunywa busaa kwa kikombe cha plastiki, akiwa amekaa nyuma kidogo ya chungu.

"Hakukasirika?"

"Ameuweka hapo tu."

Niliuangalia mrija ule wa tangu ujana wake. Sikuwahi kumwambia auchemshe. Nilichokuwa nimempigia kelele ni mpira, na yeye alikuwa amechukua maneno yote.

Nikasikia kiti kikilia. Halafu nyayo, polepole, za mtu anayelinda mshono. Baba mkwe akajitokeza kwenye kona ya nyumba, akiwa na blanketi langu mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akaniangalia usoni.

"Mama," akasema, nami nikajua ananiita mimi, kwa maana ndivyo baba anavyomwita mke wa mtoto wake anapomheshimu. "Sasa nitakunywanga na nini?"

Mama mkwe, kwa mazoea, akanigeukia. "Anauliza atakunywanga na nini."

Nilifungua mdomo nimjibu mwenyewe, moja kwa moja, maana ruhusa ilikuwa imetoka. Lakini nikamgeukia mama mkwe.

"Mwambie," nikasema, "nimesikia."